Hachinjwi Kuku Bila Mgeni

Uliangalia kando. Usigeuke nyuma kutafuta ni nani anayeambiwa, ni wewe. Ulipita barabara ya Lurambi asubuhi ukasikia nyundo, ukaona cheche za kuchomelea zikiruka nyuma ya mabati, ukajisemea, "Hao ni watu wa jua kali, wanatengeneza madirisha." Jioni ukapita tena. Hukuuliza. Lakini mashine ikiletwa kutoka ng'ambo ndani ya kasha, imevikwa nailoni, ina maandishi usiyoweza kuyasoma, hapo unasimama. Unaita watoto waje waone. Unapiga picha nayo kama bibi harusi.

Mimi sikuangalia kando, na sisahau. Nakumbuka kinu cha kukamua miwa alichounda mzee mmoja kutoka upande wa Butali. Kilikamua vizuri mpaka ekseli ikapinda. Badala ya kuuliza kwa nini imepinda, kinu kikauzwa skrepu. Miaka ikapita, fundi mwingine, banda la pili kutoka pale, akaunda kinu kilekile, na ekseli ikapinda mahali palepale. Nacho kikauzwa skrepu. Nilipiga kelele siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Waliniambia, "Komredi, kanywe chai." Ndivyo tulivyo: tunauza makosa yetu kwa kilo, halafu tunayarudia kwa jasho, na wewe ukipita unasema watu wetu hawana ubunifu.

Basi leo utakaa. Nitakueleza habari za Nabwire na mashine yake ya kunyonyoa kuku, na nikimaliza nina neno nawe.

Nabwire ni fundi wa kuchomelea. Banda lake ni lile la kona, lenye mlango wa kijani. Mwenzake ni Ignatius, aliyesomea mitambo chuo cha Sigalagala, mtu anayepima kila kitu. Hata chai yake huipima kabla ya kuinywa. Walikuwa wamechoka na madirisha. Nabwire alikuwa amehudhuria harusi moja, akaenda nyuma ya nyumba kusaidia, akawakuta wanawake wameinama juu ya mabeseni ya maji moto tangu alfajiri, wananyonyoa kuku, ngozi ya vidole vyao imebambuka. Kiongozi wao alikuwa Mama Khalayi, ambaye kikundi chake cha wapishi hupika kwenye harusi na sherehe kuanzia mjini Kakamega mpaka Matete. Nabwire akamshika mkono, akautazama, akasema, "Mama, hii kazi ni ya mashine."

"Iunde basi," Mama Khalayi akamjibu. "Mdomo hautoi manyoya."

Akaiunda. Si kitu cha ajabu ukiiona: pipa la chuma lililojaa vidole vya mpira ndani, sahani ya chini inazungushwa na mota. Kuku aliyechovywa maji moto anatupwa ndani, anazunguka, vidole vinamkwangua manyoya. Waliijaribu kwa broila walizonunua stendi, na kila broila ikatoka nyeupe kama yai. Ignatius akacheza. Majirani wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nilihutubia.

Kisha Mama Khalayi akawaita kwenye harusi huko Shinyalu, wailete mashine ifanye kazi ya kweli.

Jogoo wa kwanza alitoka na ngozi ya kifua inaning'inia kama shati lililonaswa na seng'enge. Wa pili akatoka na paja lake limetengana na mwili. Mwanamke mmoja akacheka, na kicheko kikapita mkono kwa mkono kama sinia.

"Nabwire, mwanangu," Mama Khalayi akasema, akimwinua yule jogoo kwa miguu ili kila mtu aone, "hii mashine ni ya kunyonyoa ama ya kupigana?"

Kama hukukulia kwetu, elewa. Ingokho, kuku wetu wa kienyeji, haipelekwi mbele ya wakwe ikiwa na ngozi iliyochanika. Itafika mezani imetimia, viungo vyake vyote na ngozi yake, ndipo mgeni ajue ameheshimiwa. Ukimpa mkwe kuku aliyeraruka, atauliza kama uligombana naye njiani, na ndoa itaanza kwa maneno. Wanawake wakarudi kwenye mabeseni yao. Mashine ikarudi mjini juu ya pikapu, imefunikwa turubai, na Nabwire amekaa kando yake.

Kesho yake Masinde akaja.

Masinde namjua tangu zamani. Alijifunza kushika nyundo kwenye mabanda hayahaya, kisha akafungua duka la mashine za kutoka ng'ambo, na sasa huvaa viatu visivyopenda vumbi. Alisimama mlangoni, akaitazama ile mashine, akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma yake ndiyo iliyoniudhi kuliko kicheko cha harusi.

"Dada yangu," akasema, "si vibaya kukubali. Mimi nilikubali zamani. Hizi mashine wenyewe wanaziunda huko, wana maabara, wana kila kitu. Wewe unahangaika ya nini? Hili banda lako liko kwenye kona nzuri. Lifanye duka langu la maonyesho. Utavaa blauzi safi, utawaonyesha wateja kitufe cha kubonyeza. Nimeshaongea na mwenye ploti."

"Umeongea na nani kabla ya kuongea na mimi?" Nabwire akauliza.

"Usikasirike."

Nabwire huvaa ufunguo wa banda shingoni kwa kamba. Akaushika. Mafundi wa mabanda mengine walikuwa wameshakusanyika, kwa maana kwetu ugomvi hauna ukuta.

"Mama Khalayi anachagua mashine ya kikundi siku ya soko kubwa la Matete," akasema. "Wapishi wote watakuwepo. Lete yako, mimi nitaleta yangu. Yangu ikichana ngozi ya kuku hata mmoja, ufunguo huu ni wako, na blauzi nitavaa."

"Umesema mbele ya watu," Masinde akamkumbusha.

"Nimesema mbele ya watu."

Na neno lililosemwa mbele ya watu, wewe unajua, halirudi kinywani.

Masinde alipoondoka, Ignatius akafanya kile ambacho watu wetu hufanya. Alichukua spana, akaanza kuvifungua vile vidole, akamwita mtu wa mkokoteni wa skrepu aje na mizani. Alitaka kuanza upya. Pipa jipya, vidole vipya, safari hii vigumu zaidi. Nilivuka barabara mbio na umri wangu huu, nikaenda kukaa juu ya lile pipa.

"Komredi, toka hapo."

"Sitoki."

"Ni chuma tu hicho, mzee."

"Ni somo. Umelipia ada halafu unataka kuuza kitabu? Nionyeshe ni kidole gani kilichochana kifua."

Hakujua. Nabwire naye hakujua. Tukaanza kuangalia kimoja kimoja, na tukakuta vidole vya safu ya chini vina mafuta na vipande vya ngozi kwenye ncha, vile vya juu ni safi kabisa. Yule wa mkokoteni alichoka kusubiri akaenda zake. Ndipo nikauliza swali ambalo ningeliuliza mapema kama nisingekuwa nimeshughulika na hotuba.

"Kabla ya Shinyalu, mlijaribu kwa kuku gani?"

"Broila," akasema Ignatius.

"Zote?"

"Zote."

"Mko Kakamega. Kuku wa kienyeji wanavuka barabara hapa mbele kama watu wenye shughuli zao. Kwa nini broila?"

Wakatazamana. Nabwire akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havui nguo sokoni.

"Komredi, wewe ulizaliwa wapi? Nani anachinjanga ingokho bila mgeni?"

Alikuwa amesema kweli. Broila unainunua imechinjwa tayari, haina heshima, unaweza kuitumbukiza kwenye mashine ukaitupa. Lakini kuku wa nyumbani hachinjwi kwa majaribio. Anachinjwa kwa sababu mtu amefika. Hata fundi anayetaka kuunda mashine ya ingokho, mkono wake haukuweza kumshika ingokho bila sababu. Ndiyo maana mashine nzima ilikuwa imefunzwa kwa kuku mchanga, laini, asiyewahi kukimbia. Jogoo aliyepanda miti miaka mitatu ni mnyama mwingine. Unyoya wake umeshikilia kama deni la ukoo.

Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka pipa likaniyumbisha.

"Basi hamkosi akili," nikawaambia. "Hamkosi chuma wala mpira. Mnakosa mgeni!"

"Sasa?"

"Tualike."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na sijaona mahali pengine popote ikifanywa. Kila Jumamosi mchana karakana iligeuka kuwa nyumba yenye wageni. Mtu alialikwa kwa heshima, kwa salamu ya mulembe na mkono, akaja na jogoo kwapani kama mgeni yeyote mwenye adabu anavyokuja. Jogoo akachinjwa kihalali, kwa sababu mgeni yupo. Akapita kwenye mashine. Kilichotoka kikapikwa, kimechanika au hakikuchanika, na kikaliwa kwa obusuma, ugali wetu, palepale kwenye meza ya kuchomelea, baada ya sala, kwa maana Nabwire hali bila sala. Nilitunga sheria moja tu: hakuna kusifu kabla ya kulaumu. Ukishalamba vidole, unasema kilichoharibika.

Tulimwalika kwanza Khaemba, anayeziba pancha karibu na stendi. Alichukua kidole kimoja cha mpira, akakikunja, akakinusa, akakitafuna kidogo.

"Mlikata wapi?"

"Uso wa tairi la lori," Nabwire akajibu.

"Hapo ni pa kukanyaga lami, si pa kugusa ngozi ya kiumbe. Tairi linapindanga ubavuni. Chukueni ubavu. Na si wa lori, wa pikipiki ya boda."

Alivikata mwenyewe, kwa majivuno makubwa. Jumamosi iliyofuata tukawasha mashine, na vikapigapiga ndani ya pipa kama masikio ya mbwa. Jogoo akazunguka akatoka na manyoya yake yote, amelowa tu na amekasirika, ingawa alikuwa amekufa. Tulicheka mpaka Khaemba akatishia kuondoka. Halafu akakaa tena, akasema, "Vifupisheni nusu. Chini vifupi, juu virefu." Kwa nini chini vifupi? Kwa sababu Nabwire alimwonyesha vile vidole vya kwanza, vya safu ya chini, vyenye mafuta kwenye ncha. Umeona? Lile kosa nililolikalia juu ya pipa lilikuwa linasema. Kama lingekuwa kwenye mkokoteni wa skrepu, lingemwambia nani?

Tangu siku hiyo Nabwire alifunga waya ukutani, na kila kidole kilichoshindwa kikaanikwa hapo kama samaki. Kigumu, kilegevu, kirefu, kilichochanika. Mtu akiingia na wazo jipya, anapelekwa ukutani kwanza. Mara nyingi wazo lake lilikuwa tayari linaning'inia pale.

Mama Khalayi hakutaka kuja. Alikuwa bado ana hasira ya Shinyalu. Nilimwendea nyumbani, nikakaa sebuleni kwake mpaka akachoka kuniona.

"Wewe mzee wa maneno, unataka nini?"

"Nataka uje ulaumu."

"Hiyo nitakuja," akasema, akafunga kitambaa chake.

Alikuja na jogoo mweusi, mkubwa, mwenye vipi vya miguuni kama misumari. Akatazama sufuria ya maji akatema mate chini. "Maji gani haya? Jogoo mzee anataka maji yanayochemka. Mama yangu alinifunza hivyo."

Ignatius akachomoa kipimajoto chake. "Mama, maji yakichemka yanapika ngozi."

"Kijana, umenyonyoa kuku wangapi na hiyo kalamu yako?"

Waligombana vizuri. Mwishowe tukafanya yote mawili, kuku wake kwenye maji yanayochemka na kuku wa Khaemba kwenye maji ya Ignatius, ila huyu wa pili tukamwacha ndani muda mrefu zaidi. Wa Mama Khalayi akatoka kwenye pipa ngozi imelegea kama karatasi iliyonyeshewa. Wa pili akatoka mzima, isipokuwa chini ya bawa. Mama Khalayi akamgeuza, akamgeuza tena.

"Basi mama yangu alinidanganya," akasema, na banda zima likaanguka kwa kicheko, yeye akiwa wa kwanza.

Lakini usikimbie kusema kipimajoto kilishinda. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mvua na baridi, Ignatius akapima maji yakawa sawasawa na ya juma lililopita, akahesabu muda uleule, na manyoya yakagoma. Alisimama pale ameduwaa kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake. Mama Khalayi akaingiza mkono, akashika unyoya mkubwa wa bawa, akauvuta kidogo. Ukakataa. Akasubiri, akauvuta tena. Ukaja wenyewe, bila kelele.

"Sasa," akasema.

Baadaye mezani Ignatius aliinua mfupa aliokuwa ameushika. "Kipimajoto kinanipa habari za maji," akasema mwishowe. "Unyoya unanipa habari za kuku." Tangu hapo walitumia vyote viwili, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Vizuri, walichekana, lakini kwa mambo mengine.

Likabaki bawa. Chini ya bawa, mahali ngozi ni nyembamba, palichanika kidogo kila mara. Tulibadilisha puli ili mota iende polepole, tukabadilisha mpira, tukapaka maji ya sabuni. Kidogo tu, upana wa ukucha, lakini Nabwire alikuwa amesema "ngozi ya kuku hata mmoja" na watu walisikia. Soko la Matete likakaribia. Masinde alipita mbele ya banda na mtu mwenye futi, wakapima mlango bila kusalimu. Nabwire aliwaona. Aliendelea kuchomelea, lakini mstari wake siku hiyo ulipinda, na Nabwire hapindi mstari.

Jumamosi ya mwisho alipika mwenyewe. Mama Khalayi akatafuna, akaweka paja chini.

"Nyama ni nzuri," akasema. "Lakini tangu nianze kula hapa kuna kitu sijakipata. Kuku wenu hana moshi. Hamumpitishi motoni. Ni kama mtu aliyeoga halafu hakujipaka mafuta."

"Tumpitishe motoni ya nini?" Ignatius akauliza. "Tunambabua ili kutoa yale malaika, manyoya madogo. Mashine imeshayatoa."

Nabwire aliacha kutafuna.

"Ignatius. Yale malaika yanatoka wakati gani?"

"Mwishoni kabisa."

"Na bawa linachanika wakati gani?"

Ignatius akasema polepole, "Mwishoni kabisa."

"Na nani alituambia tuyatoe?"

Jibu lilikuwa la aibu. Hakuna aliyetuambia. Tuliona picha za mashine za ng'ambo, kuku anatoka mweupe kama yai, tukadhani hiyo ndiyo kazi. Wao wanamtia kuku wao kwenye mfuko wa plastiki. Hawajui habari za kumbabua juu ya moto wa kuni mpaka ngozi ikaze na kunukia. Sisi tungembabua hata angetoka mbinguni. Tulikuwa tunamrarua bawa ili kumaliza kazi ambayo moto wetu ulikuwa unaisubiri!

Nasema kwa herufi kubwa za moyo wangu: wazo lile halikuwa la mtu. Mama Khalayi alikuwa analalamika juu ya chakula. Ignatius alikuwa anabisha. Nabwire aliuliza tu. Lilizaliwa katikati ya meza, kwenye mifupa, na lisingezaliwa kama mmoja wetu angekula nyumbani kwake siku hiyo. Wanaotuambia tusubiri maabara, wajue: maabara tunayo. Ina sufuria ya obusuma katikati.

Matete, siku ya soko. Mashine zote mbili zilipata umeme kutoka kwa mwenye kinu cha posho, na watu walijaa mpaka juu ya lori la viazi. Wapishi walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, wamefunga vitambaa vya aina moja. Mashine ya Masinde ilimetameta. Ya Nabwire ilikuwa na rangi ya kijani ileile ya mlango.

Mama Khalayi hakupendelea mtu. Alichagua majogoo wawili wa tumbo moja, wakali, akawachovya mwenyewe maji moto, akampa kila mmoja wake.

Masinde akabonyeza kitufe. Mashine yake ikaguruma kwa adabu, ikasimama yenyewe. Akamtoa jogoo: mweupe, hana hata unyoya mmoja. Watu wakashangilia. Masinde akamwinua juu kama kikombe cha mashindano, na alipomwinua, ngozi ya kifua ikafunguka polepole mbele ya macho ya wote, kutoka shingoni mpaka tumboni.

"Huyo amefanyiwa upasuaji!" mtu akapaza sauti juu ya lori.

Zamu ya Nabwire. Mama Khalayi akavuta unyoya wa bawa, ukaja. Jogoo akatupwa ndani, mashine ikazunguka, manyoya yakaanza kuruka. Kisha Nabwire akazima.

"Bado!" watu wakapiga kelele. "Hajamaliza! Washa!"

Akamtoa. Jogoo alikuwa ana malaika kila mahali, amekaa kama mzee aliyenyolewa na wembe butu. Watu wakaguna. Nilimwona Masinde akitabasamu na kunyoosha mkono, kiganja juu, kuelekea ule ufunguo.

"Dada yangu," akasema, "hata yenyewe imechoka."

Nabwire alienda kwenye moto wa kuni ambao Ignatius alikuwa ameuwasha tangu asubuhi na ambao hakuna aliyeuliza ni wa nini. Akamshika jogoo miguu na shingo, akampitisha juu ya ndimi za moto, akamgeuza, akamfungua bawa hili, akamfungua lile. Malaika yakateketea. Ngozi ikakaza, ikawa rangi ya dhahabu. Harufu ikatembea, na nakuambia soko la Matete lilinyamaza, hata wauza mitumba, kwa sababu kila mtu pale aliijua harufu ile kabla hajajua kusema. Harufu ya nyumba iliyopata mgeni.

Mama Khalayi akampokea. Akakagua kifua. Akakagua mapaja. Akafungua bawa la kushoto, akalitazama sana, akafungua la kulia. Akapitisha kidole gumba kutoka shingoni mpaka mkiani kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Huyu," akasema, "nampeleka kwa wakwe."

Vigelegele! Wapishi walisimama wote, viti vikaanguka. Walimleta wa pili, wa tatu, kuku jike, jogoo mwingine, kila aliyekuwa na kuku sokoni alimtoa, na wote wakapita, na hakuna ngozi iliyochanika. Khaemba alibebwa juu juu akipiga kelele, "Ubavu wa tairi la boda! Ubavu!" Ignatius alikuwa analia waziwazi na kipimajoto mkononi.

Kuku wakapikwa palepale. Na firigisi ya yule wa kwanza ilipoiva, wazee waliokaa mbele walijitengeneza kwenye viti, kwa kuwa firigisi kwetu ni ya mwenye nyumba, mwanamume, tangu enzi. Mama yangu alipika kuku maisha yake yote, na sikuwahi kumwona akila hata bawa. Nakumbuka. Mama Khalayi akaiweka firigisi kwenye sahani, akawapita wazee mmoja mmoja, akasimama mbele ya Nabwire.

"Mwenye nyumba ni huyu," akasema. "Kula."

Mzee mmoja akaguna. Mama Khalayi akamgeukia. "Baba, ukiunda mashine, utakula pia."

Nabwire akala, mbele ya watu wote.

Masinde alikuja baadaye, viatu vimejaa vumbi. Hakuwa na huruma tena usoni, alikuwa na kitu bora zaidi: wivu. "Nani aliwafundisha kuizima mapema?" akauliza. Nabwire akamsogezea kiti. "Kaa ule kwanza," akamwambia, "halafu useme kilichoharibika." Na Masinde, ambaye zamani alikuwa fundi, akakaa, akala, akatazama ndani ya lile pipa kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba beringi ya chini itaingia maji. Alikuwa amesema kweli. Jumamosi iliyofuata alialikwa. Duka lake halijahamia pale kwenye kona. Banda la mlango wa kijani sasa limeunganishwa na la pili yake, na wapishi wa Lugari wanaingojea yao.

Sasa lile neno nililokuwekea.

Wewe uliyekuwa unapita barabarani: kuna banda karibu na kwako, na leo hii kuna mashine ndani yake iliyoshindwa, na mtu wa mkokoteni anakuja na mizani. Usimalize kwa kusema hadithi imekuwa tamu. Simama. Una kuku nyumbani, nimemsikia. Mfunge miguu, mtie kwapani, uende ukabishe hodi kwenye yale mabati, useme, "Mimi ni mgeni, nionyesheni kilichoharibika." Usisubiri kesho, kesho pipa litakuwa limeshayeyushwa. Nenda sasa, kuku hajapanda mtini.